Ukicheka na taka utavuna ghorofa!

Wiki hii safu yetu imevuka mpaka wa Namanga na kutua Nairobi, jiji la baridi, la matatu zenye muziki wa kupasua masikio, na la watu wanaotembea haraka kama vile kila mmoja anadaiwa kodi ya nyumba.

Lakini sikuleti huku kwa ajili ya disko wala nyama choma. Hayo yameandikwa mpaka yamechuja. Nakuleta bustanini. Tena siyo kupunga upepo na mpenzi wako, ila kuokota taka, kwa hiari, bila mshiko wowote.

Usifunue ukurasa kwanza! Najua unaona nimeanza kuhubiri kama bwana afya. Subiri. Kuna jambo nimelikuta huku ambalo sisi vijana wa Dar, Mwanza, Arusha na Mbeya tunalipita kila siku bila kuligundua. Taka kwenye bustani ya umma siyo uchafu tu. Mara nyingi ndiyo hatua ya kwanza ya bustani hiyo kuuzwa.

MSITU KATIKATI YA MJI

Bustani yenyewe inaitwa City Park. Ipo Parklands, kando ya barabara ya Limuru, mwendo mfupi tu kutoka katikati ya jiji. Mimi nilifikia kwa shangazi yangu anayeishi Pangani. Siyo Pangani ya Tanga yenye mto na minazi, hii ni Pangani ya Nairobi yenye magari na vumbi. Kutoka hapo unakwenda kwa miguu, na jirani na bustani inapita barabara ambayo zamani iliitwa Forest Road. Siku hizi ina jina la Profesa Wangari Maathai. Liweke jina hilo mfukoni, tutalihitaji mbele.

Ukiingia City Park utadhani umedanganywa. Upande mmoja ni bustani ya kawaida, yenye majani yaliyokatwa, mabenchi na njia za kutembea. Upande wa pili ni msitu, msitu kweli, wa miti ya asili ambayo ilikuwepo kabla Nairobi haijaitwa mji. Kuna muhugu, ule mti mgumu ambao wachongaji wa Kenya wameutumia miaka mingi kutengeneza twiga na vifaru vya kuwauzia watalii. Unasimama chini yake, unasikia matatu zikipiga honi barabarani, na juu ya kichwa chako kima wanarukaruka.

Hao kima ndio wenyeji hasa wa pale. Wana kola nyeupe shingoni kama wamevaa kwenda ofisini. Usiwachukulie poa. Mbele ya macho yangu mmoja alimnyang'anya dada wa watu andazi mkononi, akapanda nalo juu, akala akimtazama.

Kuna na makaburi. Pale amelala Pio Gama Pinto, mwanasiasa mpigania haki aliyepigwa risasi Nairobi tarehe 24 Februari, 1965. Karibu naye amezikwa rafiki yake Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa Kenya mwaka 1966 na akajiuzulu mwaka huohuo. Murumbi alifariki mwaka 1990, naye alitaka kulala karibu na Pinto. Kwa hiyo ukiokota chupa pale, ujue unafagia baraza la watu wazito.

KAZI YENYEWE

Aliyenipeleka ni binamu yangu, mtoto wa shangazi. Ijumaa usiku tukiwa mezani akaniambia, "Kesho tunaenda kusafisha City Park. Si ukuje tu?" Shangazi akadakia kuwa mgeni siku ya kwanza ni mgeni, siku ya pili mpe jembe. Ndiyo ilikuwa siku ya pili. Ningesema nini?

Asubuhi tulikuwa watu kama ishirini hivi. Wanafunzi wa chuo, fundi simu mmoja, dada wawili wa saluni, mama mmoja mwalimu mstaafu, na mzee mmoja wa Kihindi wa palepale Parklands aliyevaa kofia ya jua na raba kuukuu. Mimi kwa mazoea ya nyumbani nikaanza kutoa shikamoo. Mama mwalimu alifurahi mpaka akanishika mkono. "Huyu ni wa Tanzania," akawaambia wenzake, "nyinyi huwa mnanisalimia 'sasa' kama rika lenu." Watu wakacheka, na kuanzia hapo mimi nikawa kijana wa mwalimu.

Kazi ina utaratibu wake, siyo kuvamia tu. Kila mmoja alipewa glavu. Magunia yalikuwa ya aina tatu. Moja la chupa za plastiki, maana hizo zina wanunuzi. La pili la vioo, ambavyo huokotwi kwa pupa. La tatu la mabaki mengine yote yasiyo na kazi. Ukichanganya, mama mwalimu anakurudisha uanze upya, kwa sauti ileile ya darasani.

Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu sikuona mingi. Kenya waliipiga marufuku tarehe 28 Agosti, 2017, kwa sheria kali yenye faini ya mamilioni ya shilingi au kifungo. Sisi tulifuata tarehe 1 Juni, 2019. Sheria ikitaka inafanya kazi, tusibishane. Ila chupa za maji na soda, vifuniko, pakiti za biskuti, vijiti vya pipi, viatu visivyo na mwenzake, hivyo vilikuwepo tele. Kando ya kijito ndiyo usiseme. Maji yanashuka na kila kilichotupwa huko juu, yanakiacha kimenasa kwenye mizizi. Unavuta kipande kimoja, kinakuja na ndugu zake wote.

Nikataka kufagia majani makavu msituni ili pang'ae. Mama mwalimu akanizuia. "Hayo acha. Hiyo ndiyo chakula ya miti." Majani yanaoza, yanakuwa mbolea, yanashika unyevu. Kumbe kutunza bustani siyo kuifanya ifanane na sebule. Kazi nyingine ni kujua nini cha kuacha.

Halafu kuna lantana. Ni kile kichaka chenye maua madogo ya rangi rangi, nyumbani kipo kila mahali, na wengine wamekipanda kama ua wa nyumba. Kililetwa kutoka Amerika kama pambo, sasa kinajisambaza na kuzuia miche ya asili isiote. Ukikikata shina tu, kinakucheka. Kinachipua tena. Lazima ung'oe na mzizi. Vijana wawili walikuwa kwenye kichaka kimoja kwa nusu saa nzima, jasho linatiririka na baridi ile.

Na hao kima usiwape chakula. Watu wanaona ni mchezo, wanawarushia ndizi na chipsi, wanapiga picha. Kima akizoea kulishwa anaacha kutafuta matunda yake, anaanza kuvizia mikoba, kesho anamng'ata mtoto. Akimng'ata mtoto, watu watasema kima ni wabaya waondolewe. Nani mbaya hapo?

MABATI YANATANGULIA

Saa nne na nusu tukapumzika kwa chai ya maziwa na chapati. Ndipo nikamuuliza yule mzee wa kofia ya jua kwa nini mtu wa umri wake anahangaika na chupa za watu kila mwezi.

Mzee hakunipa hotuba. Alinyoosha kidole kuelekea pembeni ya bustani, akasema kwa utaratibu, "Ile pande ilikuwa bustani. Mimi nilicheza pale nikiwa mtoto." Nikatazama. Hakukuwa na bustani.

Akanieleza jinsi mambo yanavyokwenda. Kwanza hakuna anayefyeka. Majani yanakuwa marefu, taka zinarundikwa. Vibaka wanapata maficho. Familia zinaacha kuja, akina mama wanawakataza watoto. Miaka inapita. Siku moja mabati yanazungushwa, na mtu anatokea na karatasi yenye mhuri. Ukiuliza unaambiwa, "Hapa palikuwa pachafu tu, palikuwa na wezi, tunapaendeleza." Na wewe, kwa vile ulishaacha kuja, huna hata la kujibu.

Wazee walisema ukicheka na nyani utavuna mabua. Nairobi nimejifunza kuwa ukicheka na taka, utavuna ghorofa. Tena ghorofa lisilo lako.

Msidhani mzee anaota. Wakenya wameyapitia haya kwa ushahidi. Mwaka 1989 chama tawala cha KANU kilitaka kujenga jengo la ghorofa sitini ndani ya Uhuru Park, bustani wanayoitumia watu wa kawaida kabisa wa Nairobi. Wangari Maathai alianza kuandika barua, moja baada ya nyingine. Alitukanwa, akabezwa kwamba ni mwanamke asiyejua nafasi yake. Jengo halikujengwa. Mwaka 1991 ikawa zamu ya Jeevanjee Gardens, bustani ya katikati ya mji iliyotolewa na mfanyabiashara A.M. Jeevanjee mwaka 1906 kwa ajili ya wananchi. Ikatakiwa iwe na maegesho ya magari na maduka. Mjukuu wake, Zarina Patel, akasimama na wenzake wakapinga. Bustani ipo mpaka leo, na mchana utakuta watu wamekaa pale wanabishana siasa bila kiingilio.

Kisha ukaja msitu wa Karura. Miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa kimyakimya kwa watu binafsi. Tarehe 8 Januari, 1999, Maathai na wenzake walikwenda pale kupanda mti. Walipigwa na walinzi, yeye akapasuliwa kichwa. Kwa sababu ya mche mmoja! Mwaka 2004 alipata Tuzo ya Amani ya Nobel. Mwaka huohuo tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u ilitoa ripoti kuhusu ardhi ya umma iliyogawiwa kinyume cha sheria, ikakadiria kuwa kuna hati kama 200,000 za namna hiyo. Laki mbili, msomaji wangu. Siyo mchezo.

City Park nayo ilimegwa. Kilichookoa kilichobaki ni watu waliokataa kuiacha. Kundi la Friends of City Park, lililoanza miaka ya 1990, lilikuwa likitembea humo, likihesabu ndege na miti, likisafisha, likipiga kelele kila mpaka ulipoguswa. Mwaka 2009 bustani ikatangazwa rasmi kuwa urithi wa taifa chini ya sheria ya makumbusho.

Hebu jiulize, wangejuaje kwamba mpaka umesogezwa kama hawakuwa na kawaida ya kufika pale? Mtu anayeokota chupa kwenye kona ileile kila mwezi ndiye wa kwanza kuona bati jipya. Huyo ni mlinzi asiyelipwa, na gunia lake ndilo kirungu chake.

MASELA WANASEMAJE?

Nimerudi Dar nikawasimulia washikaji kijiweni. Wakacheka. Mmoja akasema, "Halmashauri inakusanya ushuru, wewe unakwenda kuwafanyia kazi bure? Umechanganyikiwa." Mwingine akasema kujitolea ni starehe ya watu walioshiba, sisi tunaosaka deiwaka hatuna Jumamosi ya kuchezea.

Hoja hizo siyo za kupuuza. Kweli kufagia ni kazi ya halmashauri, na kujitolea kusitumike kuwapa watu likizo ya mshahara. Na kweli glavu pekee hazizuii mnyang'anyi mwenye mhuri. Karura na Uhuru Park ziliokolewa kwa kelele, barua, na watu kukubali kuumia. City Park ilihitaji sheria.

Lakini nani atapiga kelele kwa ajili ya mahali asipopajua? Nani ataandika barua kutetea kichaka anachokiogopa? Mtu hutetea alipopatolea jasho. Ndiyo siri ya gunia. Halmashauri ikifagia, panakuwa pasafi. Wewe ukifagia, panakuwa pako.

Na kuhusu njaa, tazama Karura leo. Msitu ule wa hekta 1,041 ulikuwa maficho ya majambazi, watu wakiogopa hata kuukaribia. Wananchi wakaungana na shirika la misitu la serikali, wakaweka uzio, wakafungua njia, wakaanza kutoza kiingilio kidogo. Vijana wa mtaa wa jirani wa Huruma wakapata ajira, wengine ya ulinzi wa msitu. Kazi iliyoanza kwa kujitolea ikazaa mishahara. Siyo kila mahali itakuwa hivyo, sitaki kukudanganya. Ila taka nazo hazijawahi kumwajiri mtu kwa heshima.

NA SISI JE?

Sasa turudi nyumbani. Dar es Salaam tuna Bustani ya Mimea, pale karibu na Makumbusho ya Taifa. Ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893, wakati wa Profesa Franz Stuhlmann, kwa ajili ya kujaribia mazao na miti. Ni moja ya vitu vikongwe kabisa katika jiji letu. Siku hizi ni ndogo kuliko ilivyokuwa zamani, majengo yameisogelea kutoka kila upande. Wangapi kati yetu tumewahi kukaa humo hata nusu saa? Wengi tunaipita tukikimbilia daladala.

Tuna Mnazi Mmoja. Waingereza walipaacha wazi ili patenganishe mitaa ya Wazungu na Wahindi na ile ya Waafrika wa Kariakoo. Uwanja uliowekwa ili tusichanganyike ukaja kuwa mahali tunapokutana wote. Mahali pa namna hiyo hapapaswi kuachwa pawe choo cha wapita njia.

Utaniambia sisi tulishakuwa na siku ya usafi. Ndiyo. Mwaka 2015 Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba, nchi nzima ikashika fagio, na baadaye Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikawa siku ya usafi. Ilisaidia. Lakini kitu cha kuamrishwa kina tabia moja. Anayeamrisha akigeuka, fagio linawekwa chini. Wale ishirini wa City Park hawakuamrishwa na mtu. Mvua ikinyesha wanakuja na makoti.

Kwa hiyo nakupa kazi, na haina gharama kubwa. Chagua bustani moja au uwanja mmoja wa wazi ulio karibu na unapoishi. Mmoja tu, usijifanye waziri. Tafuta wenzako watano, glavu na magunia matatu. Pita ofisi ya serikali ya mtaa uwajulishe, na ukiwa hapo uliza kwa heshima mpaka wa eneo hilo unaishia wapi kwenye ramani. Swali hilo peke yake linawashtua wengi. Fanya kazi saa mbili, kunyweni chai palepale ili watu wawaone. Halafu, na hili ndilo gumu kuliko yote, rudini mwezi unaofuata. Na unaofuata.

Usisubiri ufadhili wa fulana. Fulana ikichakaa na moyo unachakaa nayo.

Na siku ukikuta mabati yamezungushwa mahali ulipookota chupa mwezi uliopita, wewe utakuwa na la kusema. Utajua mti gani ulikuwa wapi, benchi lilikaa upande gani, watoto walicheza kona ipi. Mwenye karatasi yenye mhuri atakukuta una kumbukumbu, na una wenzako watano wenye kumbukumbu ileile.

Haya, mimi naishia hapa, glavu zangu zimeanikwa kambani na magunia nimekwishaomba kwa muuza mchele wa mtaani kwetu. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Alamsiki!